Dawa za Matone kwa Presha ya Macho: Ipi Hulinda Mchana na Usiku?

(Haya ni maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika aliyoyatoa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, siku ya pili ya semina ya utunzaji wa vitabu. Yanachapishwa hapa kwa maombi ya wanasemina.)



Katika ratiba imeandikwa kwamba Mkaguzi atasema juu ya leja na hati za malipo. Hayo tuliyamaliza jana jioni, na mwenye swali lililobaki atanipata baada ya chakula. Leo nimemwomba Mwenyekiti ruhusa niseme juu ya jambo jingine, ambalo mwanzoni litaonekana kama halihusiani na ushirika. Naamini kabla sijakaa mtakubali kwamba linahusiana nao sana. Mizani husomwa kwa macho, stakabadhi huandikwa kwa macho, na mkulima hutia sahihi baada ya kuona kwa macho yake mwenyewe kilichoandikwa. Chama ambacho katibu wake haoni vizuri kimo hatarini, hata kama katibu huyo ni mwaminifu kuliko wote.

Ninayosema nimeyapata kwa njia mbili: kwa kuugua mwenyewe, na kwa kuwauliza madaktari na kusoma yale waliyonielekeza nisome. Mimi si mganga. Kwa hiyo maneno yangu yasichukuliwe badala ya maneno ya daktari, bali yawasaidie kumwuliza daktari maswali yanayofaa.

KOSA NILILOLIFANYA

Miaka 6 iliyopita, nikiwa na umri wa miaka 41, nilikagua chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja. Nilifanya kazi hadi usiku, na katika taarifa yangu niliandika kwamba hati 3 za malipo hazikuwa na sahihi ya mweka hazina. Kwa sababu ya taarifa hiyo katibu wa chama alisimamishwa kazi. Kamati ilipokaa, mama mmoja mjumbe alizichukua zile hati, akaziweka mbele yangu, akaniuliza kwa upole, "Ndugu Mkaguzi, na hii ni nini?" Sahihi zote tatu zilikuwapo, chini, upande wa kushoto, kwa wino wa buluu. Usiku ule nilizipitia hati hizo mara mbili wala sikuziona.

Nilimwomba katibu radhi mbele ya Kamati, na baadaye mbele ya Mkutano Mkuu. Alinisamehe. Lakini siku 19 alizokaa nyumbani, watoto wake wakisikia sokoni baba yao akiitwa mwizi, hizo sina uwezo wa kumrudishia.

Wiki iliyofuata nilikwenda kupimwa macho, nikitumaini kuambiwa ninunue miwani ya kusomea. Daktari wa macho alipima presha ya macho yangu akakuta 31 katika jicho la kulia na 28 katika la kushoto. Kisha akaniweka mbele ya mashine ya kupimia upana wa kuona, akanionyesha katika karatasi sehemu nyeusi ambazo macho yangu hayazioni tena. Aliniambia nina glakoma, ugonjwa ambao watu wengi huuita presha ya macho, na kwamba sehemu iliyokwisha kupotea hairudi.

UGONJWA WENYEWE

Ndani ya jicho mna maji safi yanayotengenezwa wakati wote na kutoka wakati wote. Si machozi, machozi yako nje. Maji haya hutengenezwa nyuma ya duara lenye rangi la jicho, hupita katika mboni, kisha hutoka kwa mfereji mwembamba ulio pembeni. Mfereji ukipitisha kwa shida, maji huongezeka na shinikizo hupanda, kama ghala linalopokea magunia bila kuyatoa. Shinikizo hilo huuumiza mshipa wa fahamu unaopeleka habari kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Nyuzi za mshipa huo zikifa hazioti tena.

Presha ya jicho hupimwa kwa milimita za zebaki. Kwa watu wengi huwa kati ya 10 na 21. Hata hivyo wako wanaopata glakoma wakiwa chini ya 21, na wako walio juu ya 21 ambao mshipa wao haujadhurika. Ndiyo maana daktari hatosheki na kipimo cha presha peke yake. Hutazama pia mshipa wenyewe na upana wa kuona.

Glakoma ya aina iliyo nyingi kwetu haiumi, wala haifanyi jicho jekundu. Huanza kula pembeni, na ubongo huijaza sehemu iliyopotea kwa kubahatisha, hata mtu asitambue upungufu. Mimi sikuona doa jeusi juu ya zile hati. Niliona karatasi nyeupe mahali palipokuwa na sahihi.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa nchi za mbali. Katika uchunguzi uliofanywa vijijini wilayani Kongwa, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2000, walipimwa watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, na kiasi cha watu 4 katika kila 100 walikutwa na glakoma. Kila mmoja wenu na ahesabu wanachama wa chama chake waliopita umri huo, kisha afanye hesabu yake.

Hakuna dawa ya kuirudisha nuru iliyopotea. Kilichopo ni kuishusha presha ili kilichosalia kisalie. Kazi hiyo ina faida iliyothibitishwa. Wachunguzi wa Sweden walionyesha mwaka 2003 kwamba kila milimita 1 ya presha inayoshushwa hupunguza hatari ya ugonjwa kuendelea kwa kiasi cha asilimia 10. Basi milimita moja si kitu cha kudharau.

KIPIMO CHA SAA NNE ASUBUHI

Daktari alinianzishia dawa ya matone iitwayo timololi, tone moja asubuhi na moja jioni. Kila nilipokwenda kliniki, saa nne asubuhi, presha ilikuwa 18 au 19. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Lakini baada ya miaka 2 kipimo cha upana wa kuona kilionyesha kuwa sehemu nyeusi zimeongezeka. Nilimwuliza daktari: inakuwaje vipimo viwe vizuri na jicho liendelee kufa?

Akanijibu kwa swali. Akasema, "Wewe ni mkaguzi. Ukifika chamani kwa siku uliyotangaza, ukakuta fedha taslimu zinalingana na daftari, je, unaandika kwamba zililingana mwaka mzima?" Nilinyamaza.

Kisha akanieleza mambo mawili, na hayo mawili ndiyo kiini cha maneno yangu leo.

Jambo la kwanza ni kwamba presha ya jicho haikai mahali pamoja kwa saa 24. Hupanda na kushuka, na kwa mgonjwa wa glakoma aghalabu hupanda na kushuka zaidi kuliko kwa mtu mzima wa afya. Kwa watu wengi kilele chake hakiwi saa za kliniki, bali usiku wakati mtu amelala chali au ubavu. Ajabu ni kwamba usiku jicho hutengeneza maji kidogo, kiasi cha nusu ya mchana. Lakini mwili ukilala, damu ya kichwani hurudi moyoni kwa uzito zaidi kuliko ukiwa umesimama, na maji ya jicho ambayo hutoka kupitia mishipa hiyo ya damu hukuta njia nzito. Kwa hiyo maji hupungua kutengenezwa na presha bado hupanda.

Jambo la pili nitalieleza baadaye, kwa kuwa linanitia aibu.

KULINGANISHA DAWA

Zipo njia mbili za kuishusha presha kwa matone: kupunguza maji yanayotengenezwa, au kuyafungulia njia yatoke. Tofauti hii ndiyo inayoeleza ni dawa ipi hulinda usiku na ipi husinzia.

Timololi hupunguza utengenezaji wa maji. Ilikubaliwa kutumika Marekani mwaka 1978, na ni ya bei nafuu kuliko nyingi zilizokuja baada yake. Mchana hufanya kazi nzuri: hushusha presha kwa kiasi cha asilimia 20 hadi 25. Lakini usiku, kama nilivyosema, jicho lenyewe limekwisha kupunguza maji. Dawa inayokuja kupunguza kilichokwisha kupungua haina kazi kubwa ya kufanya. Ndiyo sababu timololi huonekana hodari kliniki na dhaifu kitandani.

Timololi ina hatari nyingine ambayo kila katibu aliyeko hapa aikumbuke. Tone linaloingia jichoni hupenya kwenda puani na kuingia katika damu. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua vibaya kwa tone moja tu, na mwenye mapigo ya moyo ya polepole anaweza kuzirai. Mtu yeyote mwenye pumu au ugonjwa wa moyo amwambie daktari kabla hajaandikiwa dawa hii, hata kama hajaulizwa. Wala mtu asiazime chupa ya jirani.

Latanoprosti ilikubaliwa Marekani mwaka 1996. Hii haipunguzi maji. Huyafungulia njia nyingine ya kutokea, katikati ya nyama za ndani ya jicho. Kwa kuwa njia hiyo hukaa wazi usiku na mchana, dawa huendelea kufanya kazi mtu akiwa amelala. Hushusha presha kwa kiasi cha asilimia 25 hadi 33, na hutiwa mara moja tu kwa siku, jioni. Mtu asidhani akitia mara mbili atapata faida mara mbili. Kuzidisha hupunguza nguvu yake. Upungufu wake ni kwamba huweza kulifanya jicho kuwa jekundu, kurefusha kope, na kuitia weusi ngozi ya kope. Na jicho lenye rangi hafifu huweza kugeuka na kubaki hivyo daima. Mama mjamzito amweleze daktari hali yake. Bei yake pia huwa juu ya ile ya timololi.

Dorzolamidi, na ndugu yake brinzolamidi, hupunguza maji lakini kwa njia tofauti na timololi, na nguvu yao haipotei usiku. Zikitumiwa peke yake hutiwa mara 2 au 3 kwa siku, na mchana hazina nguvu kama latanoprosti. Huleta ladha ya uchungu mdomoni, na dorzolamidi huwasha kidogo inapoingia. Mtu aliyewahi kudhurika kwa dawa za jamii ya salfa lazima aseme.

Brimonidini hutiwa mara 2 au 3. Mchana hushusha presha vizuri. Lakini wachunguzi walipoipima usiku, mwaka 2010, hawakuona faida yake wakati wa usingizi. Wako wanaokaushwa mdomo nayo, wako wanaosinzia, na wako wanaovimba macho kwa mzio baada ya miezi kadhaa. Kwa mtoto mchanga ni dawa ya hatari. Chupa isiachwe mahali anapofika.

Pilokapini ni mzee wa dawa hizi, imetumika tangu miaka ya 1870. Hufungua mfereji wenyewe, lakini yataka kutiwa mara 4 kwa siku, huleta maumivu ya kipaji, na huibana mboni hata magharibi mtu akaona giza kabla ya giza. Siku hizi haianzishwi kwa wagonjwa wengi, ingawa bado ina kazi zake maalumu.

USHAHIDI WA USIKU

Mtu anaweza kuuliza: nani aliyekesha akapima? Swali hilo ni la mkaguzi, nami niliuliza hilo hilo.

Huko Milan, Italia, mwaka 2000, madaktari walitangaza matokeo ya kuwapima wagonjwa 20 kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, kwa timololi, kwa latanoprosti na kwa dorzolamidi. Dawa zote tatu zilishusha presha saa zote, isipokuwa moja: timololi saa tisa usiku haikuonyesha faida ya kutegemewa. Latanoprosti iliongoza kwa sehemu kubwa ya saa 24. Na ilipofika saa sita usiku na saa tisa usiku, dorzolamidi iliishinda timololi, ingawa mchana saa tisa timololi ndiyo iliyoshinda.

Katika Chuo Kikuu cha California, mjini San Diego, wachunguzi wakiongozwa na John Liu na Robert Weinreb waliwalaza watu katika chumba cha usingizi na kuwapima wakiwa wamelala, kwa kuwa kumwamsha mtu na kumkalisha kitini kunabadili kipimo chenyewe. Mwaka 2004 walionyesha kwamba latanoprosti hushusha presha ya usiku, na timololi haikuonyesha faida hiyo. Mwaka 2009 wakawachukua watu waliokuwa tayari wakitumia latanoprosti, wakawaongezea dawa ya pili. Mchana brinzolamidi na timololi zote zilisaidia. Usiku iliyoongeza msaada ilikuwa brinzolamidi.

Kwa ufupi, basi, kwa ulinzi wa saa 24 latanoprosti na za jamii yake hutangulia. Ikihitajika ya pili ya kulinda usiku, dorzolamidi au brinzolamidi hufuata. Timololi na brimonidini ni walinzi wa mchana.

Lakini naomba nisieleweke vibaya. Sisemi timololi ni dawa mbaya, wala mtu asitoke hapa akaitupa chupa yake. Wako wengi waliotunzwa na timololi kwa miaka mingi. Presha ya mchana nayo huua mshipa, na dawa ya nafuu unayoitia kila siku ni bora kuliko dawa ghali inayoisha tarehe 20 ukasubiri mshahara au malipo ya msimu. Ninachosema ni kwamba mgonjwa anayo haki ya kumwuliza daktari: "Dawa hii inanilinda usiku pia? Na kama upana wa kuona unaendelea kupungua ilhali kipimo cha asubuhi ni kizuri, tufanyeje?"

JAMBO LINALONITIA AIBU

Sasa lile jambo la pili. Daktari alipomaliza kunieleza habari za usiku aliniuliza, "Na matone unatia kila siku?" Nilijibu ndiyo. Akaniuliza tena, akinitazama.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nikisafiri kukagua vyama kwa siku 10, siku 12, na mara nyingi chupa nilikuwa nikiiacha nyumbani. Jicho haliumi, basi hakuna linalokukumbusha. Halafu siku 3 kabla ya kliniki nilikuwa naanza kutia kwa bidii, asubuhi na jioni bila kukosa. Kwa hiyo kipimo kilikuwa kizuri.

Naona mnacheka, ndugu makatibu. Mnacheka kwa sababu mnamjua katibu anayeandika daftari la miezi 3 kwa usiku mmoja, mkaguzi akiwa njiani. Nimewakemea watu wa namna hiyo kwa miaka 18. Kumbe nami nilikuwa nikimfanyia daktari vile vile, na fedha iliyokuwa ikipotea ilikuwa nuru yangu mwenyewe.

Daktari alisema hawezi kujua ni kiasi gani kilipotea kwa sababu ya usiku, na ni kiasi gani kwa sababu ya siku zangu za uzembe. Alinibadilishia dawa, akanipa latanoprosti ya kutia saa tatu usiku, kwa sababu mbili: inalinda usiku, na tone moja kwa siku ni rahisi kulikumbuka kuliko mawili. Baadaye aliongeza dorzolamidi. Tangu hapo imepita miaka 4. Presha yangu huwa 13 hadi 15, na sehemu nyeusi hazijaongezeka. Zile za kwanza zipo palepale. Hati yoyote siku hizi huanza kuisoma kwa kuipitisha kidole kona zote nne, na taarifa yenye kumtia mtu hatiani husomwa na mwenzangu kabla sijaitia sahihi.

NAMNA YA KUTIA TONE

Dawa nzuri ikitiwa vibaya ni hasara. Haya niliyofundishwa ni machache na hayana gharama.

Nawa mikono. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini iwe kama kimfuko, dondosha tone 1 tu. Jicho halina nafasi ya tone la pili. Litamwagika shavuni na chupa itaisha upesi. Ncha ya chupa isiguse jicho wala kope.

Kisha fumba macho bila kupepesa, na ubonyeze kwa kidole ile kona ya jicho iliyo karibu na pua, kwa dakika 2 au 3. Hapo ndipo ulipo mlango wa kwendea puani. Ukiuziba, dawa nyingi zaidi hubaki jichoni, na inayokwenda kifuani na moyoni hupungua.

Ukiwa na dawa mbili za matone, ngoja dakika 5 kati ya moja na nyingine, la sivyo ya pili huisukuma nje ya kwanza.

Chupa nyingi za latanoprosti, kabla ya kufunguliwa, hutakiwa kukaa katika jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Ziko zisizohitaji jokofu. Karatasi iliyo ndani ya boksi ndiyo inayosema. Ikisha kufunguliwa hukaa nje mahali pasipo joto kali wala jua, na hutupwa baada ya wiki 4 hadi 6 kama ilivyoandikwa, hata kama matone yamebaki. Andika tarehe ya kufungua juu ya chupa. Makatibu hawahitaji kufundishwa kuandika tarehe. Asiye na jokofu aliseme hilo kwa daktari mapema, kwa maana nalo huingia katika kuchagua dawa.

Mwisho wa hayo, tahadhari. Ziko dawa za matone zenye steroidi, kama deksamethasoni, ambazo watu huzinunua dukani bila cheti kwa ajili ya kuwashwa macho. Hizo hutuliza muwasho upesi, lakini zikitumiwa kwa wiki nyingi huweza kuipandisha presha ya jicho na kuleta glakoma pale ambapo haikuwapo.

NJIA ISIYO YA MATONE

Ipo pia tiba ya mwanga wa leza, inayoelekezwa kwenye ule mfereji ili upitishe maji vizuri zaidi. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, ilifanywa tiba ya kulinganisha leza hiyo na timololi, na matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Baada ya mwaka 1, leza ilifanikiwa katika macho 61 kwa kila 100, na timololi katika 31 kwa kila 100. Leza haisahauliki nyumbani, wala haiishi tarehe 20. Upo pia upasuaji kwa wale ambao matone hayawatoshi. Mwenye kukaa mbali na duka la dawa, au anayeona hawezi kununua chupa kila mwezi, aulize kama njia hizi zinamfaa.

NINALOWAOMBA

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa maombi matatu kwa vyama vya msingi.

La kwanza, kila katibu, mweka hazina na mpima mizani aliyefika umri wa miaka 40 apimwe macho, si kwa kusoma herufi ukutani tu, bali presha na mshipa wa jicho. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepofuka kwa glakoma asingoje umri huo. Mimi niliwapeleka ndugu zangu watatu, na mmoja alikutwa nayo mapema, kabla hajapoteza kitu.

La pili, katika Mkutano Mkuu wa mwaka huu, kila chama kijadili kama mfuko wake wa kusaidiana unaweza kumkopesha mwanachama fedha ya dawa ya macho kati ya msimu na msimu. Deni la chupa moja hulipika. Macho yaliyopotea hayalipiki.

La tatu, mkimwona mwanachama anajikwaa kwenye kizingiti anachokijua, au anaruka mistari katika kusoma, au anakosa kuona mkono aliopewa kutoka ubavuni, msimcheke wala msiseme amelewa. Mwambieni aende akapimwe.

Yule katibu niliyemwandikia vibaya bado yuko kazini. Mwaka jana alinipigia simu akasema amepimwa macho, na presha yake ni 14 kwa 15. Nikamwuliza amepimwa saa ngapi. Akacheka, akasema, "Saa nne asubuhi, Ndugu Mkaguzi. Lakini daktari ameutazama na mshipa, hauna kasoro." Nikamwambia hapo hesabu imefungwa vizuri.